Sumaku, Nyundo na Land Rover ya Kupandia Kilema

Shemeji yangu anayeishi Uingereza alitutumia picha ya likizo yao. Gari lao dogo lilikuwa linavuta karavani, nyumba ya magurudumu yenye vitanda vya kukunja, pazia dirishani na jiko la gesi. Aliinunua ikiwa gofu, akaifufua kwa mikono yake. Mume wangu aliitazama picha ile siku tatu. Siku ya nne, tukiwa mezani, akasema, "Mama watoto, hivi na sisi tukitafuta ya kwetu?"

Nilimjibu kwamba nyumba ya likizo tunayo. Iko Kilema, huko mlimani juu ya Moshi, katikati ya migomba na mibuni, na mama yake mzazi yumo ndani. Nyumba ile haihitaji magurudumu. Tunachohitaji ni gari la kutufikisha pale watu saba kwa safari moja, iwe masika au kiangazi, na siku nyingine litupeleke kuoga kwenye chemchemi ya Chemka au kutazama maji ya Ziwa Chala. Hapo ndipo wazo la karavani lilipogeuka likawa wazo la Land Rover.

Aliyewahi kuwa Moshi mwezi Disemba ataelewa. Nchi nzima hututania kwamba Wachaga tunakwenda kuhesabiwa. Ni kweli tunakwenda, na hatuendi mikono mitupu: mchele, sukari, mafuta, blanketi la bibi, bati mbili za kuziba banda la ng'ombe. Tukirudi tunashuka na mikungu ya ndizi, maparachichi na watoto wawili wa shangazi waliotaka kuona mjini. Kwa miaka mingi tulikodi gari dogo la abiria. Lilitupandisha vizuri kwenye lami, lakini kile kipande cha mwisho cha kuingia kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, chenye udongo mwekundu na mfongo, mfereji wa maji, unaokatiza njia, lilikuwa halikiwezi mvua ikinyesha. Tulishuka, tukabeba mizigo kichwani. Mama mkwe wangu, aliyekuwa ameshuka mjini kwa kliniki ya macho, alipanda kwa miguu kilomita nzima akiwa ameshika bega la mjukuu. Nilikuwa nyuma yao siku hiyo, na niliamua palepale kwamba haitatokea tena.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Magari sikuyajua, ila nilijua kuuliza, na nilipata fundi mzee mwenye subira. Ninayoandika hapa nilijifunza kwake, na kwa pesa yangu.

Kwanza, kwa nini Land Rover. Mume wangu ana sababu ya moyoni: baba yake aliendesha moja ya ushirika wa kahawa, enzi ambazo kuona gari likipanda mgombani lilikuwa jambo la kuwatoa watoto darasani. Mimi sababu yangu ni mali yenyewe iliyotumika kuliunda. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, mwezi Aprili 1948. Vita ilikuwa imekwisha karibuni na chuma Uingereza kilikuwa kikigawiwa kwa kibali, kwa hiyo kampuni ya Rover ilitengeneza bodi kwa bati la alumini. Mifupa ya chini, yaani chesisi, ikabaki ya chuma, ikiwa na umbo la boksi lenye uwazi ndani. Mpango huo wa dharura ulidumu mpaka gari la mwisho la ukoo ule lilipotoka kiwandani Solihull, Januari 2016. Alumini haishiki kutu nyekundu, ndiyo maana gari la miaka 40 bado lina sura ya kuvutia. Na ndiyo maana gari hilohilo linaweza kukudanganya: uso ni mzima, mifupa imeoza.

Majina yake mitaani ni namba. Kuna 109, tunayoiita wan-o-naini, na kuna 110, wan-teni. Namba hizo ni inchi kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Tofauti ya inchi moja ni ndogo, ila magari haya ni ya vizazi viwili. 109 tunayoikuta sana ni ya toleo la tatu, lililotoka mwaka 1971 hadi 1985. Inakaa juu ya springi za vyuma bapa vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, kama za lori, na breki zake zote ni za ngoma. 110 ilianza mwaka 1983, ina springi za mzunguko, gia tano, na breki za mbele ni za diski.

Mume wangu alitaka 109. Nilikataa, na sababu niliifanyia hesabu ubaoni nyumbani, watoto wakiwepo. Chukua gari lenye watu na mizigo, tani mbili na nusu. Lishushe kutoka Kilema mpaka barabara kuu, tuseme mita 600 kwenda chini. Nishati yote liliyoipata likipanda lazima itoke mahali fulani linaposhuka. Ukiiachia breki peke yake, ni joto la kuchemsha lita 40 na ushei za maji baridi. Joto hilo linaingia kwenye vyuma vichache nyuma ya magurudumu. Ngoma imefungwa, joto halina pa kutokea, na ikipata moto sana kanyagio linashuka chini huku gari halisimami. Diski iko wazi, upepo unaipoza. Dereva mzuri hushuka kwa gia nzito na 109 humtosha, baba mkwe alishuka hivyo miaka yote. Lakini nilijua kwamba siku moja mwanangu ataliendesha gari hili, na kwa gari la familia la mlimani msimamo wangu ni 110. Mwenye kulitaka la kuzungukia shamba la tambarare achukue 109 kwa amani. Ni nyepesi kutengeneza na ina uzuri wake.

Tuliangalia magari matatu.

La kwanza lilikuwa hapa Moshi mjini, 109 ya kijani iliyokuwa ikiwaka kama chungwa lililofutwa. Mume wangu, pamoja na hesabu yangu yote, moyo ulimruka. Fundi wetu hakuangalia rangi. Aliweka kiganja juu ya boneti, akanitazama. Boneti ilikuwa ya moto. "Mwalimu, hili limeshaamshwa kabla hatujafika," alininong'oneza. Injini mbovu huwaka vizuri ikiwa na joto. Ubaya wake hujulikana asubuhi, ikiwa baridi. Kisha akaniomba kile nilichokuja nacho mfukoni.

Nilikuwa na sumaku ya maabara, ile tunayofundishia Kidato cha Kwanza. Wazo lilikuwa langu na hadi leo ninalionea fahari. Sumaku hainasi kwenye alumini. Kwa hiyo ukiipitisha kwenye bodi ya Land Rover, inatakiwa iteleze na kuanguka. Ikinasa kwenye mlango au kwenye bawa la juu ya tairi, jua pale pamebandikwa bati la chuma baada ya ajali au baada ya kuoza. Chini ya gari mambo yanageuka: chesisi ni chuma, sumaku lazima inase kwa nguvu. Ikilegea, kati yake na chuma kuna kitu kingine. Kwenye gari lile la kijani sumaku ilinasa bawa la kushoto, na kwenye boriti ya nyuma ya chesisi ikaanguka chini mara mbili. Fundi akapiga kucha pale, ikatoka pati nene kama ugali mkavu, na nyuma yake tundu la kupitisha kidole gumba. Tuliaga kwa heshima tukaondoka.

La pili tulilifuata Tanga. Ilikuwa 110, mwenyewe mstaafu, mtu mwaminifu, karatasi zote ziko kwenye bahasha. Injini iliwaka ikiwa baridi bila moshi wa bluu. Oili haikuwa na ule ute wa rangi ya chai ya maziwa unaoonyesha kwamba maji yameingia. Ningelinunua, lakini fundi aliinua mpira wa sakafu miguuni pa dereva na tukaona ardhi. Ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya abiria ulikuwa umeliwa. Kando yake, pale bati la alumini lilipofungwa na bolti za chuma, kulikuwa na unga mweupe kama magadi.

Unga ule ni somo zima. Metali mbili tofauti zikigusana na katikati kukawa na maji yenye chumvi, unapata betri. Mkondo mdogo wa umeme unapita, na metali iliyo dhaifu zaidi, hapa ni alumini, inaliwa taratibu. Mvua ya Moshi inaweza kufanya hivyo pia, lakini hewa ya bahari inafanya haraka zaidi na haipumziki. Tangu siku ile swali la kwanza la fundi wetu lilikuwa swali langu: gari hili limelala wapi maisha yake? Lililolala Dodoma, Singida au Shinyanga, kwenye ukame, mara nyingi lina mifupa mizuri. Litakuwa limepigwa na barabara mbovu, kwa hiyo utafute nyufa pale steringi na shokapu zinapofungwa kwenye chesisi. Ufa huchomelewa. Chuma kilichoisha hakichomeleki, maana hakuna cha kushikia.

Dodoma ndiko tulikolipata la tatu, kwenye mnada wa magari yaliyomaliza utumishi serikalini. 110 ya mwaka 1986, ya dizeli, yenye milango mitano. Haikuwa na betri. Panya walikuwa wamekula viti. Kioo cha mbele kilikuwa na ufa kutoka kona hadi kona, na injini ilikuwa imekwama kabisa, fundi aliivuta kwa spana kubwa haikugeuka hata nyuzi moja. Watu walilipita. Fundi wetu alilala chini yake juu ya gunia karibu nusu saa, akigonga na nyundo ndogo kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinalia kama kengele ya shule. Kilichooza kinajibu kwa sauti ya debe lililojaa mchanga. Pigo baada ya pigo, lile lililia. Alipotoka alijikung'uta, akasema maneno ambayo nimeyaandika kwenye daftari langu: "Mwalimu, injini nitakutafutia. Viti nitakutafutia. Chesisi ningeitoa wapi?"

Watu wengi hununua gari kuukuu kwa kusikiliza injini. Namwelewa anayefanya hivyo, maana injini inaongea na chesisi haiongei. Lakini injini ya Land Rover hufunguliwa chini ya mwembe. Silinda huchongwa upya, pistoni na ringi zinapatikana Arusha, mji ambao biashara ya utalii imeulea kwa Land Rover kwa miongo mingi. Waliokuwapo kwenye tamasha la Land Rover la Arusha, Oktoba 2024, waliona yalivyo mengi magari haya bado barabarani. Spea zipo kwa sababu wenye kuzihitaji wapo. Hilo nalo ni la kupima kabla ya kununua gari lolote la zamani: je, nikiharibikiwa Mwanga au Same, kuna mtu anayelijua?

Kitu kingine kisichochomelewa ni karatasi. Namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma chenyewe, mbele upande wa kulia. Futa tope, paka chaki, isome tarakimu moja moja ukilinganisha na kadi ya gari. Namba ya injini vilevile, maana Land Rover nyingi zimebadilishwa injini zikatiwa za Toyota au Isuzu na kadi ikabaki na namba ya zamani. Kubadilisha si kosa, na wapo waliofanya kazi safi. Kosa ni kununua kabla mwenye gari hajarekebisha kadi TRA, kwa sababu tatizo linahamia kwako siku hiyohiyo. Kwa gari la mnada, soma masharti ya malipo kabla ya kunyoosha mkono, na uhesabu ndani ya bajeti yako usajili mpya na kulisafirisha. Letu lilikuja Moshi juu ya lori, watoto wakalisubiri getini kama mgeni.

Kulifufua kulichukua miezi 14. Sitaeleza kila kitu, maana kazi nyingi ilikuwa kusugua. Bodi ilinyanyuliwa ikawekwa juu ya mapipa, chesisi ikasuguliwa kwa brashi ya waya, ikapakwa rangi ya kuzuia kutu mara mbili, na ndani ya uwazi wake fundi akamimina oili chafu ya injini, akaizungusha mpaka ikatokeza matundu ya mwisho. Kati ya alumini na chuma tuliweka vipande vya mpira wa tairi kila mahali palipogusana. Injini ilifunguliwa, silinda zikachongwa. Mkanda wa taimingi wa dizeli ile ukabadilishwa hata bila kuuangalia, maana ukikatika njiani unaharibu kichwa cha injini, na bei yake ni ndogo mno kuliko hasara hiyo. Kwa kila shilingi tuliyonunulia gari tulitumia nyingine mbili kulitengeneza. Panga hivyo tangu mwanzo, usije ukaishiwa gari likiwa juu ya mapipa.

Jambo moja nililigombania ni viti. Nyuma kulikuwa na mabenchi ya kuangaliana, yanayofanya gari kama hili lihesabiwe kuwa la watu 12. Tuliyang'oa. Tuliweka viti vinavyotazama mbele, kila kimoja na mkanda wake uliofungwa kwenye chuma, si kwenye bati. Tulipoteza nafasi za watu wanne. Ndugu walilalamika, na bado wanalalamika kila Krismasi. Ninafundisha sheria ya kwanza ya Newton kila mwaka. Siwezi kumkalisha mtoto wangu ubavu kwenye benchi lisilo na mkanda na kushuka naye mlimani.

Safari ya kwanza haikwenda vizuri. Tulikuwa tumebana matumizi tukarudisha rejeta ya zamani, baada ya kuisafisha kwa maji tu. Kwenye tambarare ya Himo mshale wa joto ulitulia. Tulipoanza kupanda ukapanda nao. Ukiwa na injini ya nguvu za farasi zisizofika 70, unapanda kwa gia ya pili, gari linakwenda pole pole, upepo wa kupoza ni mdogo, na hewa yenyewe inapungua kama sehemu moja ya kumi kila ukipanda mita 1,000. Tulisimama kabla mshale haujafika mwisho. Mwanangu akakata matawi akayatandaza barabarani nyuma yetu kuonya magari mengine, kama alivyomwona babu yake akifanya. Tulikaa saa nzima tukila mahindi ya kuchoma. Wiki iliyofuata rejeta ikatiwa moyo mpya, na tangu hapo mshale haujavuka katikati.

Tarehe 23 Disemba tulimfuata mama mkwe mjini, alikokuwa amekuja kwa kliniki ileile ya macho. Fundi alikuwa amechomelea kidaraja cha chuma chini ya mlango, kimo cha sentimita 30 kutoka ardhini. Kimo hicho nilikipima kwa goti la bibi mwenyewe, akiwa amekaa sebuleni akiniuliza ninamshonea nini. Alishika mhimili wa mlango, akaweka mguu, akaingia bila kushikwa na mtu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Kwenye kile kipande cha udongo mwekundu mume wangu alifunga difu ya kati, tukaingia mfongoni tukatoka upande wa pili, mpaka mbele ya mlango wake. Bibi hakusema neno njia nzima. Alipofika alikaa kidogo garini, akagonga dashibodi kwa vidole, akasema kwamba mume wake angelipenda gari hili.

Tumeshafika nalo Chala, na watoto wamelala ndani yake usiku mmoja chini ya milima ya Upare, wakiwa wamelaza viti. Kwa hiyo shemeji wa Uingereza nimemwandikia kwamba karavani na sisi tunayo.

Kama wiki hii unakwenda kuangalia gari kuukuu kwa ajili ya familia yako, beba sumaku na nyundo ndogo, nenda na fundi unayemlipa wewe, na ufike asubuhi na mapema, kabla mwenye gari hajaliwasha.